Julai Haina Kivuli

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina makao yake makuu Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong, mahali ambapo mtu wa Ayany, mtaa wa flati ukingoni mwa Kibera, anaweza kufika kwa miguu. Wastani wa vipimo vya kituo cha hapo unathibitisha jambo ambalo kila mwenye kamba ya nguo analijua tayari. Januari jua huwaka kwa jumla ya saa 288 hivi. Julai zinabaki 130, na Agosti ni pungufu kidogo ya hapo. Baridi yenyewe si ya kutisha, nyuzi 11 au 12 alfajiri, lakini ndani ya chumba cha mabati kisicho na dari inatosha kumlaza mtu na sweta na soksi. Inatosha pia kuwafanya watu waingize jiko la makaa ndani na kufunga dirisha, na kila msimu huu tunasikia habari za waliolala wasiamke.

Mgeni hudhani ni majira ya mvua. Katika kituo hichohicho Aprili humwaga zaidi ya milimita 200. Julai haifiki 20, na ni kati ya miezi mikavu kabisa ya mwaka. Kinachoonekana ni wingu tupu: la chini, bapa, lisilo na umbo, linalotanda usiku na kugoma kuondoka mpaka saa saba au saa nane mchana, na siku nyingine lisiondoke kabisa. Asili yake ni baharini. Upepo wa kusi, ambao Mombasa huleta kipupwe na nafuu baada ya joto la Machi, huendelea bara karibu kilomita 450 na kupanda zaidi ya mita 1,700. Njiani unyevu wake hupoa ukawa wingu. Juu ya wingu hukaa tabaka la hewa yenye joto zaidi, nalo hulizuia lisikue hadi kuwa mvua ya maana. Ukiteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, mara nyingi unakuta jua linawaka kana kwamba Nairobi iko nchi nyingine.

Wapiga picha wengi wa mjini huichukia miezi hii. Picha za Nairobi zinazouzika, za kalenda na za matangazo ya nyumba, hudai anga la buluu, vioo vinavyong'aa na, Oktoba ikifika, mijakaranda iliyovaa zambarau. Julai haina hata kimoja. Anga hutoka nyeupe tupu, majani hutoka na rangi ya kijeshi, na kamera hufungiwa kabatini hadi Septemba.

Huko Ulaya kaskazini wanao msimu unaokaribiana na wetu: wiki za Novemba, majani yamekwisha kupukutika, theluji bado, na mchana mzima ni kijivu kuanzia dirishani hadi upeo wa macho. Wenzetu walijifunza zamani kwamba rangi zikifa ndipo picha ya nyeusi na nyeupe inapopata kazi. Josef Sudek wa Prague, aliyepoteza mkono wake wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alitumia miaka kupiga bustani ileile kupitia kioo cha dirisha la studio yake, mara kioo kimefunikwa na mvuke, mara na matone, na hakuhitaji jua ili apate la kusema. Sisi majani yetu hayapukutiki mara moja. Lakini Novemba ya Ulaya inatufikia kwa njia nyingine: makoti mazito ya huko, yenye bitana na kofia ya manyoya, ndiyo yanayoning'inizwa Toi Market kuanzia Juni, na mtu wa Kibera anayepanda matatu alfajiri ya Julai amevaa vuli ya Berlin au Manchester bila kujua.

Hoja yangu katika sura hii ni kwamba miezi hii inayochukiwa ndiyo bora kwa kupiga mandhari ya Kibera, na kwamba inafaa ipigwe bila rangi. Nasema mandhari makusudi. Kibera imepigwa picha kuliko karibu mtaa wowote wa Afrika, na bado ardhi yake ni vigumu kuiona katika picha hizo. Ziko za aina mbili hasa. Ya kwanza ni uso: mtoto mwenye makamasi, mama na ndoo, mtaro mbele yao. Ya pili ni bahari ya mabati yenye kutu, imepigwa kutoka juu au kwa lenzi ndefu inayobana umbali, rangi ya chungwa imeongezwa mpaka inapiga kelele. Katika ya kwanza ardhi imejificha nyuma ya mtu. Katika ya pili imefunikwa na kutu. Mtu anaweza kutazama mia kati ya hizo asijue kama Kibera iko mlimani au bondeni.

Iko mtelemkoni. Ukisimama Ayany, kwenye ngazi za flati yoyote yenye orofa nne, unaona jambo ambalo ukiwa chini huwezi kuliona. Kibera Drive imepita mgongoni. Kutoka hapo ardhi inateremka kuelekea kusini, vijiji vya Kianda na Soweto Magharibi karibu nawe, Gatwekera na Kisumu Ndogo zikifuata, mpaka kwenye mkondo wa Motoine unaoelekea Nairobi Dam. Ng'ambo ya bonde ardhi inapanda tena, na huko ni magorofa ya Lang'ata. Upande wa magharibi msitu wa Ngong umesimama kama ukuta, mikaratusi mbele na miti ya kienyeji nyuma yake. Reli imekata vijiji kwa kisu kimoja kutoka mashariki hadi magharibi. Siku ya jua unaona pia Vilima vya Ngong na mitambo yake ya upepo. Julai huvioni, wingu limevikalia.

Hii ilikuwa nchi ya msitu. Askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles walianza kupewa makazi hapa mwaka 1904, na 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza eka zaidi ya 4,000 kuwa hifadhi ya jeshi. Msitu uliondoka kwenye ardhi, lakini kwenye makaratasi ukabaki: mpaka mwaka 2009, vijana wa Kibera walipoanza kuzunguka na vifaa vya GPS katika mradi wa Map Kibera, ramani nyingi za umma zilionyesha mahali hapo kama eneo tupu au lenye miti. Vichochoro, misikiti, shule, vituo vya maji, vyote vilikuwa havijaandikwa popote. Nadhani kutokuwamo ramanini na kutoonekana kwa ardhi pichani ni shauri moja. Mahali pasipo na mlima wala bonde ni rahisi kupazungumzia kama tatizo.

Watu wa Ayany wenyewe wana neno lao hapa. Mwulize mwenyeji anakaa wapi, atakujibu upesi: Ayany. Ukimwambia basi Kibera, atakurekebisha: Ayany. Ukisimama na kamera kwenye ngazi za flati, mzee anayepita na gazeti kwapani ana haki ya kuuliza.

"Kijana, unapiga nini huko?"

"Napiga Kibera, mzee wangu."

"Kibera gani? Hiyo ni mabati tu. Kibera mpaka ushuke."

Ana hoja, na nitairudia. Lakini kwanza tumalize mambo ya mwanga, kwa sababu ndiyo yanayoharibu picha nyingi.

Nairobi iko karibu na ikweta, na jua la ikweta halina subira. Linachomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu, linapanda wima, na kufika saa tatu asubuhi limeshakuwa kali. Ule mwanga mlalo wa dhahabu, ambao vitabu vya Ulaya hushauri mtu auvizie, hapa hupita wakati unatafuta sarafu za chai. Baada ya hapo kila paa linarusha mwali, na kila kilicho chini ya paa ni giza. Katika vichochoro vya Gatwekera mabati ya pande mbili yanakaribia kugusana. Jua likipenya hupiga mstari mwembamba mweupe kwenye udongo, na kuta za pande zote mbili huzama. Hakuna filamu wala kamera ya dijitali inayobeba vyote viwili. Utachagua: ama mstari uungue, ama kuta zife.

Wingu la Julai huondoa tatizo hilo asubuhi nzima. Anga lote linakuwa taa moja kubwa, mwanga unaingia kila pembe, chini ya paa, ndani ya mlango ulio wazi, na kivuli hakina pa kushika. Mwanga wenyewe ni mdogo. Kwa kanuni ya wazee wa filamu, jua likiwa wazi na filamu ikiwa ya ISO 100, unaweka tundu la lenzi f/16 na kasi ya sehemu 1 ya 125 ya sekunde. Wingu zito likitanda unafungua hadi f/5.6. Hizo ni stopu 3, yaani mwanga uliobaki ni thumni ya ule wa jua. Ndiyo maana filamu za ISO 400, kama HP5 na Tri-X, zinafaa kwa msimu huu, na ndiyo maana mwenye simu huona picha zake za alfajiri zikitoka na chembechembe.

Tatizo linalobaki ni anga lenyewe. Kipimamwanga cha kamera kina imani moja tu, kwamba kila kinachotazamwa ni kijivu cha wastani. Ukiipa kamera fremu ambayo nusu yake ni wingu jeupe, itaamini wingu ni kijivu na kuizamisha Kianda yote katika masizi. Hapo hutakiwi kuitii. Pima ardhi peke yake, au ongeza stopu moja juu ya inachosema. Wingu litapauka, liache lipauke. Hata hivyo ushauri wangu ni kulitoa kwenye fremu kabisa. Wingu la Julai halina umbo la kumshughulisha mtazamaji, na Kibera inayoteremka bondeni inakuruhusu kupiga picha ya mandhari isiyo na anga, ardhi tupu kutoka ukingo wa juu hadi wa chini. Picha za namna hiyo huwasumbua waliozoea kadi za posta. Hawajui jicho lianzie wapi, na hilo si jambo baya.

Sasa mabati. Wapiga picha Ansel Adams na Fred Archer, walipokuwa wakifundisha katika shule ya Art Center huko Los Angeles mnamo 1940, waligawa ngazi ya mwanga katika daraja, kuanzia sifuri, weusi usio na kitu ndani yake, hadi kumi, weupe wa karatasi. Katikati, daraja la tano, ndicho kile kijivu kinachoaminiwa na kipimamwanga. Adams alikuwa na milima ya granaiti na theluji ya kujaza daraja zake. Mtu aliye Ayany ana mapaa. Bati jipya lililotoka dukani, likiwa na umande wa asubuhi, linalirudisha anga karibu lote na kukaa daraja la nane. Bati la miaka mitatu au minne limefifia, ni la sita. Lililoanza kushika kutu kwenye misumari lina madoadoa ya tano na ya nne. Kutu kamili ni ya tatu au ya nne, na lango lililo wazi ni la kwanza. Ukitazama kijiji kizima kwa macho hayo unaona jambo ambalo rangi ililificha: umri. Unajua ni plot ipi ilijengwa juzi, ni ipi mwenyewe amechoka kuirekebisha, ni safu gani iliungua ikaezekwa upya yote kwa pamoja. Katika picha ya rangi kila kitu ni chungwa, na chungwa haina tarehe.

Vitabu husema filta hazina kazi siku ya wingu, kwa kuwa hakuna buluu ya kutia giza angani. Ni kweli kwa anga. Kwa ardhi ya Kibera ni uongo. Filta nyekundu hupitisha rangi nyekundu na kuzuia nyinginezo, hivyo kutu na udongo mwekundu wa upande huu wa Nairobi vinapanda kuwa kijivu chepesi huku miti ya msitu ikizama. Filta ya kijani hufanya kinyume: gugumaji na migomba kando ya mto vinawaka, kutu inaingia gizani. Hizo ni Kibera mbili tofauti kutoka dirisha moja, dakika moja. Mwenye kamera ya dijitali anafanya uamuzi huohuo baadaye, akigeuza faili ghafi kuwa nyeusi na nyeupe na kusogeza chungwa na kijani kwa vidole. Ni rahisi mno, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanasogeza mpaka picha itishe. Kibera ya kutisha inapata sifa haraka kuliko Kibera ya saa mbili asubuhi.

Kwa wanaosafisha filamu zao wenyewe, Julai ina faida ya ziada. Mwanga wa wingu hubana ngazi yote katika daraja nne au tano tu, na ukichapa bila kufikiri picha inatoka ya uji. Dawa ndiyo tiba. Ukiongeza muda wa filamu kwenye dawa kwa robo hivi, sehemu nyeupe za mandhari zinapanda huku nyeusi zikibaki karibu palepale, na ngazi inanyooka. Siku ya jua usingethubutu; mapaa yangeungua.

Nyeusi na nyeupe si ngeni Kenya. Nairobi yenyewe tunaijua kwanza kwa picha za aina hiyo, za wakati wa reli, tambarare na mahema na vichuguu vya udongo uliochimbwa. Kisha zikaja zama za wapiga picha wa habari. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1935, alisomea Art Center, shule ileile ya Adams na Archer, akarudi kupiga miaka ya uhuru kwa ajili ya magazeti makubwa ya Marekani, na akauawa akiwa kazini katika vita vya Biafra Oktoba 1968. Mohamed Amin wa Eastleigh alianzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka kama 20. Kazi ya hao ilikuwa watu na matukio: kiongozi jukwaani, umati, askari. Ardhi ilikuwa pazia nyuma yao. Mandhari isiyo na rangi ikaachiwa wageni, na wageni wakaipeleka mbugani. Nick Brandt, Mwingereza, alijijengea jina kwa picha nyeusi na nyeupe za tembo na simba wa Amboseli na kwingineko Afrika Mashariki, na ni hadi alipotoa Inherit the Dust mwaka 2016 ndipo alipoleta picha hizo za wanyama, zikiwa na ukubwa wao halisi, akazisimamisha kwenye machimbo, majalala na chini ya madaraja ya barabara. Hata hapo ilibidi tembo awepo ndipo jalala litazamwe.

Kibera nayo ilipata tukio lake. Januari 2009 Mfaransa ajulikanaye kama JR alifunika mita za mraba 2,000 za mapaa kwa picha nyeusi na nyeupe za macho na nyuso za wanawake wa hapo. Hakutumia karatasi, alitumia vinaili isiyopitisha maji, ili paa lipate faida ya kutovuja mvua ikija. Juu ya mabehewa ya treni aliweka macho, na kwenye mtelemko chini ya reli akapanga mabati yenye pua na midomo ya wanawake walewale. Treni ilipopita, kwa sekunde chache, nyuso zilikamilika. Nimesikia watu wakiiponda kazi ile kuwa ni mgeni mwingine aliyekuja na wazo lake, na lawama hiyo haikosi msingi. Lakini nampa JR jambo moja. Alilazimika kuisoma ardhi: mwinuko wa tuta la reli, pembe ya mapaa, mahali ambapo mtu akisimama ataona. Wanaopiga uso wa mtoto na kuondoka hawahitaji kujua treni inapita wapi.

Sasa hoja ya mzee. Anasema Kibera mpaka ushuke, na kwamba kutoka juu ni mabati tu. Kupiga mahali pa watu kama mandhari ni kujiweka mbali, na umbali una dharau yake. Nyeusi na nyeupe huzidisha hatari hiyo, kwa kuwa inaweza kumfanya mtazamaji afikiri anaangalia jambo la zamani, umaskini wa kale uliotulia, wakati chini pale mtu anakaanga mandazi na mwingine anabishana bei ya maji. Iko hatari nyingine ambayo ni ya kitaalamu kabisa. Kibera inapakana na uwanja wa gofu wa Royal Nairobi, ulioanzishwa mwaka 1906. Katika rangi, mpaka huo unachoma macho, majani mabichi upande huu na kutu upande ule. Mpiga picha Johnny Miller, aliyeanza mradi wake wa Unequal Scenes huko Cape Town mwaka 2016 na kupiga Nairobi pia, anategemea tofauti hiyo ya rangi katika picha zake za kutoka angani. Ondoa rangi, na kijani cha nyasi na wekundu wa kutu vinaweza kuangukia kijivu kilekile. Dhuluma inatoweka kwenye karatasi. Kwa mpaka ule, basi, natumia rangi, na yeyote anayesema nyeusi na nyeupe ndiyo ukweli wenyewe hajasimama kwenye ua ule.

Vijana wa Kibera wenyewe hupenda rangi. Brian Otieno, aliyezaliwa na kukulia hapo na anayejulikana kwa KiberaStories, amepiga mtaa wake kwa miaka kwa rangi zilizojaa: nguo za harusi, wanamitindo, watoto wa baleti, mashabiki wa mpira. Anakaribia, na watu wake wanamtazama usoni kwa kuwa wanamfahamu. Sioni ugomvi kati ya kazi yake na hii ninayoisema. Yeye ana watu. Ninachotaka ni bonde walimo.

Nairobi Dam ni mfano mzuri wa kinachoweza kufanyika. Lilijengwa mwaka 1953 kuwa hifadhi ya maji, na palikuwa na wakati ambapo watu waliendesha mashua za tanga hapo. Leo gugumaji limelifunika na tope limelijaza, hata mpita njia anadhani ni shamba. Picha ya rangi inamdanganya kama macho yake yanavyomdanganya: anaona kijani, anasema ni pazuri. Lipige asubuhi ya Julai kwa filta ya kijani na gugumaji linakuwa bapa jeupe lisilo na mawimbi wala mimea inayopishana urefu, lililolala kwa usawa ambao udongo haulali hivyo kamwe. Umbo la maji linajitokeza. Unaona ziwa kwa ukingo wake.

Nje ya Kibera, mtaa wa Kawangware ni kazi ngumu zaidi. Matatu ya 46 inakushusha mahali ambapo magorofa ya kupangisha yamejazana hadi huoni mbali, na ngazi unazopanda zinakuonyesha ngazi za jirani. Huko nashauri mtu aache kutafuta mwinuko na afuate barabara yenyewe asubuhi, moshi wa makaa ukiwa umebanwa chini na hewa nzito, watu wakitokea ndani yake na makoti ya Toi.

Droni ingerahisisha mambo, lakini uwanja wa ndege wa Wilson uko karibu mno na ndege ndogo hupita chini ya wingu, hivyo bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga usijaribu. Ngazi za flati zinatosha. Zina faida ambayo droni haina: unaweza kurudi palepale.

Na kurudi ndiko kunakoifanya Julai kuwa na thamani kuliko mwezi mwingine. Picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa miaka tofauti chini ya jua, huwa na vivuli tofauti, na jicho linahangaika kutenganisha kivuli na badiliko. Wingu la Julai ni lilelile kila mwaka. Kilichobadilika pichani ni kilichobadilika ardhini. Mtu aliyepiga kutoka Ayany Julai 2017 na akarudi mwisho wa Julai 2018 aliona bonde lililopasuliwa: tarehe 23 mwezi huo tingatinga ziliingia kufungua barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ya Lang'ata, na nyumba, shule na makanisa ya maelfu ya watu yakaanguka. Picha za habari za siku ile zilionyesha vumbi na vilio, kama ilivyopaswa. Picha ya mandhari ingeonyesha upana wa kilichoondolewa, na ni mapaa ya daraja lipi yalikuwa pale.

Kwa hiyo tumia lenzi ileile. Andika nyuma ya picha jina la kijiji, mahali uliposimama na tarehe: Gatwekera, kutoka Ayany, ngazi ya nne, 9 Julai. Usiandike "kitongoji duni, Afrika". Mwachie keyateka wa flati chapa moja. Mara nyingi ndiye atakayekufungulia lango mwaka ujao. Na usishangae ukirudi ukakuta mwenye flati jirani ameongeza orofa mbili na kuziba nusu ya Kianda. Piga hiyo nayo, kisha umwombe keyateka wa flati hiyo mpya.